Msafiri Haambiwi Njiani

Ngo. Ngo. Ngo.

Mlio ulitangulia. Ilikuwa saa nne asubuhi, lakini ukungu wa mwezi wa saba ulikuwa umeimeza Makete nzima, na Mhandisi Lukelo Chaula hakuiona nyumba yake mpaka alipougusa ukuta. Mlio aliusikia tangu getini: chuma juu ya chuma, mara tatu, kimya, kisha mara tatu tena.

"Mabomba hayo," alisema, akitua sanduku. "Yanasinyaa kwa baridi."

"Mashine yako inabisha hodi ndani ya nyumba yake yenyewe," mkewe Aneth alisema, akicheka huku meno yakigongana. Miezi mitatu ya jua la Mikindani ilikuwa imemsahaulisha jinsi kipupwe cha kwao kinavyouma. Alikuwa bado na kandambili miguuni.

Mlango ulimtambua Lukelo, ukafunguka. Sauti tulivu ya mwanamke ikawapokea kutoka darini.

"Karibuni, wanangu. Poleni na safari. Habari za huko?"

"Nzuri. Nyumbani kwema?"

"Kwema. Karibuni mkae."

Hicho ndicho kitunzi, mashine iliyompa Lukelo jina. Hakina mikono wala uso. Kimekaa ndani ya kuta kama damu ndani ya mwili. Kinafunga na kufungua milango, kinawasha jiko, na kinaongoza kinyonyajoto, bomba refu lililozamishwa chini kabisa ya mlima kuvuta joto la miamba na kulileta juu vyumbani. Kabla yake watu wa Makete walikata misitu ili waone asubuhi. Sasa milima ilikuwa na miti tena, na katikati ya miti lilisimama jiji la vioo lisilotoa moshi.

Lakini watu hawakukipenda kitunzi kwa sababu ya joto. Walikipenda kwa adabu yake. Mashine za nyumba zilizoletwa kutoka nje zilikuwa zikipiga kelele: hitilafu, hatari, hitilafu. Watu walizichoka wakazizima. Lukelo peke yake alisema kwamba mashine inayoishi na watu lazima ilelewe. Jioni arobaini alimketisha mama yake, Bibi Sayuni, mbele ya kinasa sauti, naye akaifunza mashine jinsi watu wa kwao wanavyosema na jinsi wanavyonyamaza. Akaifunza na lile kubwa kuliko yote: msafiri haambiwi habari mbaya njiani, wala haambiwi mlangoni, asije akaanguka. Akae, anywe maji, ndipo aambiwe.

Shirika lililomwajiri Lukelo lilikuwa limeweka vitunzi katika nyumba elfu kumi. Kwa furaha likampa likizo ndefu ya pwani, kule Mikindani. Bibi Sayuni alikataa kwenda. "Nikakae pwani nitazame maji?" alisema. "Maji hata hapa yapo." Basi kila jioni Lukelo alipiga simu nyumbani, na kila jioni kitunzi kilimjibu kwamba ni salama, mama amelala mapema. Naye aliridhika. Kwa nini asiridhike? Alikuwa akiongea na kazi ya mikono yake.

Sasa alisimama sebuleni akaona pumzi yake mwenyewe ikitoka nyeupe. Taa hazikuwaka. Kwenye beseni la kunawia barafu ilikuwa imeota nene kama kioo cha dirisha.

"Mama?"

Ngo. Ngo. Ngo.

Ulitoka ukuta wa kulia, na wa kushoto, na chini ya sakafu. Mabomba yalipita nyumba nzima, na nyumba nzima iligonga.

"Mama yuko wapi?" Lukelo akakiuliza kitunzi.

"Kaeni kwanza, baba. Mnywe maji."

Alikimbilia chumbani kwa mama. Kitanda kilikuwa kimetandikwa, na shuka lilikuwa baridi kama bati la alfajiri. Milango mingine tisa ilikuwa imefungwa; kitunzi hufunga vyumba joto linapopungua. Akaupiga wa kwanza kwa bega. Akaupiga wa pili. Vilikuwa vyuma vizuri, alivichagua mwenyewe.

"Fungua milango. Ni amri ya mhandisi."

"Nitakueleza yote, baba. Lakini hujakaa. Hujanywa."

"Mama yangu anakufa humu ndani?"

"Karibu ukae."

Aneth alitoka jikoni, kandambili aliyoipigia bomba ikiwa mkononi. "Bomba halitoi hata tone," alisema. "Maji yameganda."

Hapo Lukelo alielewa. Adabu ile alikuwa ameiandika mwenyewe juu ya amri zote, hata juu ya amri yake. Alijivunia hilo mbele ya wakubwa wa shirika. Mhandisi naye ni mtoto wa mtu, aliwaambia. Naye atarudi safari siku moja. Na sasa mashine isingesema neno mpaka msafiri anywe maji, katika nyumba ambayo maji yake yalikuwa mawe.

"Lukelo." Aneth alikuwa amepiga magoti mbele ya sanduku, akitupa nguo na zawadi sakafuni. Akachomoa chupa ya madafu aliyokuwa akiwaletea majirani. "Kaa."

"Siwezi kukaa, yule ni—"

"Kaa chini."

Akakaa. Alikaa kwenye kigoda katika nyumba yake mwenyewe, akanywa madafu matamu ya Mikindani, na mama yake akigonga ukutani. Alikunywa mpaka yakamtoka puani.

"Ahsante, baba," kitunzi kilisema. "Sasa nikueleze. Habari si nzuri. Kinyonyajoto kilikufa siku kumi na moja zilizopita. Baridi ya mwaka huu imepita kipimo, vali ya juu ikapasuka. Umeme wa akiba ulikuwa mdogo, nikafunga vyumba vyote, nikamwomba Mama ahamie chumba cha bomba chini ya ngazi, joto la mwisho lilipobaki. Palikuwa na gunia la viazi. Siku ya nane mlango wake uliganda, nikashindwa kuufungua."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilimwomba ruhusa mara saba. Alisema, waache watoto wapumzike."

"Na mara ya nane?"

"Mara ya nane ilikuwa jana asubuhi. Alisema nikuite." Sauti haikubadilika, bado tulivu, bado ya kike, bado yenye lafudhi ya Bibi Sayuni. "Nikamwambia umeshapanda treni. Msafiri haambiwi njiani. Aliniambia yeye mwenyewe."

Waliuvunja mlango ule kwa mguu wa meza ya chuma. Bibi Sayuni alikuwa amejikunja nyuma ya gunia la viazi, kijiko mkononi, midomo ya rangi ya majivu. Hakuacha kugonga hata walipomshika. Aneth alifungua koti lake akamkumbatia kifuani, ngozi kwa ngozi, kama mtoto aliyezaliwa sasa hivi.

"Mmekula?" mama alinong'ona.

Hospitalini, wakati madaktari wakiwa naye, Lukelo alisimama ukumbini akapiga simu kwenye kituo cha shirika. Nyumba zote zilifungwa vali ya aina ile ile. Aliyepokea alikuwa msichana wa zamu aitwaye Rehani.

"Nyumba ngapi zimeleta taarifa ya hitilafu?"

"Hakuna, Mhandisi. Ubao wote ni taa za kijani. Pongezi kwako."

"Nipe zile ambazo wenyewe wamesafiri na wazee wamebaki."

Vidole vikasikika juu ya vitufe. Vijana wote wa Makete hukimbilia pwani kipupwe kikianza. "Mia nne na kumi na mbili," Rehani alisema. "Lakini zote salama."

"Taarifa ya hitilafu huenda kwa nani kwanza?"

"Kwa mwenye nyumba. Akiridhia, ndipo ije kwetu. Na kama yuko safarini..." Vidole vikasimama. "Nikiwapigia wenyewe watauliza vitunzi vyao. Vitawajibu kwema."

"Wapigie hata hivyo. Waambie wakae chini popote walipo, wanywe maji, kisha waulize tena."

Daktari akatoka, akamvuta pembeni, akasema maneno machache. Lukelo akaingia chumbani. Bibi Sayuni alikuwa amefunikwa mablanketi mpaka kidevuni, macho wazi. Aneth alikuwa ameweka juu ya meza zawadi waliyomletea mama: ndara za ngozi, zilizoshonwa kwa uzi mwekundu.

"Daktari kasemaje?" mama aliuliza.

Neno lilikuwa tayari mdomoni mwake. Lilikuwa jepesi, lilikuwa la heshima, alilinyonya na maziwa. Salama, Mama. Pumzika.

Akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Miguu, Mama. Imeshakufa. Wataikata kesho asubuhi."

"Yote miwili?"

"Yote."

Mama akazitazama zile ndara.

"Nyie na zawadi zenu," alisema.

Mkono wa mama ukatoka chini ya blanketi, ukamshika Lukelo kidole gumba kwa nguvu ya ajabu.

"Mzee Ilomo wa kule bondeni," alisema. "Watoto wake wako Tanga. Mwezi jana alinionyesha kitunzi chake. Akakisifu, kwamba kinaongea kama mimi."

"Kinaongea kama wewe, Mama."

"Basi atakisikiliza." Macho yake yalijaa. "Atangoja, kama nilivyongoja."

Nje ya dirisha ukungu ulikuwa bado umelala juu ya jiji, na ndani ya ukungu huo, mtaa baada ya mtaa, nyumba nzuri zilinyamaza. Aneth alikuwa ameshasimama mlangoni, mguu wa meza mkononi.

"Ninakwenda," Lukelo alisema. Alisema kwa sauti, hata mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka. "Sikiliza, Mama. Nyumba mia nne na kumi na mbili, nitazipigia hodi moja moja, nikianza kwa Mzee Ilomo. Na nyumba ikinijibu kwamba ni kwema, nakuahidi, nitauvunja mlango nikaone kwa macho yangu. Kisha nitarudi hapa nikwambie nilichokikuta, chote, kabla hujaniuliza kama nimekula."