Dirisha Lililoliwa na Riba

Karakana yetu ya magodoro ilikuwa na mlango mmoja, bila dirisha. Asubuhi mwanga ulipoingia, vumbi la pamba lilielea polepole kama mawazo ya mtu aliyeshiba. Baba alijaza magodoro. Mimi nilishona kingo. Mama alichambua pamba, huku akikohoa.

Baba ana sheria moja: godoro halilipiwi kabla ya kulaliwa. Mteja hujilaza kwanza. Akisinzia, analipa. Asiposinzia, tunaongeza pamba. Kuna mmoja alisinzia mpaka mkewe akaja kumtafuta.

Mwaka juzi Baba alimwahidi Mama dirisha, vumbi lipate pa kutokea. Lakini alichelewa kulipa kodi ya mapato, na fedha za dirisha zikaliwa na riba na faini. Mama alichora dirisha ukutani kwa chaki. Kila adhuhuri alilitazama kana kwamba anaona bustani.

Mwaka jana fedha za kodi zilikuwa tayari benki. Tatizo lilikuwa fomu. Hosteli moja ilinunua magodoro arobaini, na karatasi zake za manunuzi zilikuwa hazijafika.

"Baba, siku ya mwisho ya kulipa kodi ni Ijumaa," nilimkumbusha.

"Fomu haijakamilika. Nilipie kitu ambacho hakijakamilika?"

"Godoro halilipiwi kabla ya kulaliwa," nikadakia.

"Unaona? Ada ya shule haikupotea bure."

Mama alikohoa. Hakucheka.

Mchana huo akaingia jirani yetu anayefanya kazi ofisi ya kodi. Sisi humwita Mama Mihuri. Alikuja kujaribu godoro lake. Akajilaza, akafumba macho.

"Kodi umeshalipa, jirani?" aliuliza.

Baba akamweleza habari za fomu.

"Jirani, kuna siku mbili. Siku ya kulipa, na siku ya kupeleka fomu. Siku ya kulipa ikipita, riba inaanza kutembea. Haikungoji ukamilishe karatasi. Wewe umelala, yenyewe iko njiani."

"Lakini kiasi kamili sikijui."

"Kadiria kwa uaminifu. Chukua mauzo, toa gharama: pamba, kitambaa, uzi, pango. Kinachobaki ndicho kinachotozwa kodi. Lipa kabla ya Ijumaa, utunze risiti. Kwenye fomu utaandika ulichokwisha kulipa."

"Nikikosea?"

"Ikipungua, utaongezea. Riba itakuwa ya hicho kilichopungua tu. Ikizidi, utaomba irudishwe, au ihesabiwe kwenye kodi ijayo."

"Basi fomu niachane nayo," Baba alisema, uso ukichangamka.

"Thubutu. Fomu ikichelewa ina faini yake. Kulipa mapema hakukuondolei kuijaza."

Sauti yake ikazama. Akaanza kukoroma taratibu.

"Mwamsheni," Mama alinong'ona. "Hajasema tunalipia wapi."

"Ombeni namba ya malipo ofisini kwetu," Mama Mihuri alijibu kutoka usingizini. "Kisha benki, au kwa simu." Akageukia upande wa pili.

Baba aligeuka akalitazama dirisha la chaki.

"Mteja amesinzia," Mama alisema. "Kwa sheria yako, mtu lazima alipe."

Jioni ile mimi na Baba tulipiga hesabu nyuma ya karatasi ya kufungia kitambaa. Jumatano tukalipa. Risiti tukaibandika kando ya dirisha la chaki.

Karatasi za hosteli zilifika baada ya wiki mbili. Tukapeleka fomu kabla ya siku yake. Tulikuwa tumelipa pungufu kidogo tu, na riba yake haikufikia bei ya sindano mbili. Faini hakuna, na fedha za dirisha zikabaki.

Fundi alikuja akakata ukuta kufuata mstari wa chaki wa Mama, hata pale ulipopinda. Mwanga ukaingia wote kwa mara moja. Vumbi la pamba likatoka nje, uzi mmoja mmoja, bila haraka. Siku hizi Mama hachambui pamba huku akikohoa. Anaimba. Na kwa ule upepo, wateja wanasinzia hata kwenye magodoro mabovu.

"Nadhani mkono wangu umekuwa mzuri zaidi," Baba alisema jana, akinyoosha mgongo kwenye godoro chini ya dirisha, macho kayafumba.

"Endelea kuota," Mama alimjibu. "Siku ya kulipa ya mwaka huu umeiandika?"

Baba hakufumbua macho. Alinyoosha kidole juu tu. Chini ya kizingiti cha dirisha kulikuwa na tarehe, imeandikwa kwa chaki.