Wufa Kutoka Mesquite

Jua lilikuwa linazama tulipofika Mesquite, hapa Texas, kuchukua spika. Aliyezitaka si mimi. Ni Sheldon, binamu yangu, ambaye tunasoma naye chuo kimoja na kukaa nyumba moja ya kupanga kule Arlington. Kompyuta yake ilikuwa na sauti ya mbu, naye alitaka kupiga muziki kwenye sherehe za wanafunzi Wakenya. Alinichosha akilinganisha spika mtandaoni. Zilizokuwa na nguvu zilitushinda bei, na zile za bei yetu hazingeweza kumwamsha hata paka. Ndipo akaona tangazo la spika mbili na wufa yake ya besi, kubwa, karibu mpya, kwa bei ya kutupa.

Mimi bei ya kutupa hunitia wasiwasi, kwa sababu kitu kizuri hakitupwi. Nilipomwambia hivyo Sheldon alicheka, akasema nina roho ya mzee wa kanisa.

Muuzaji alikuwa kijana wa Kizanzibari aitwaye Hudhaifa. Alitungoja nje ya gereji, spika zimeshafunikwa shuka jekundu. Hakutukaribisha ndani hata kwa maji ya kunywa, na watu wa pwani ninaowajua hawana tabia hiyo.

"Tutazitest kwanza?" Sheldon akauliza.

"Zinafanya kazi, kaka. Chukueni tu. Mama yuko njiani, anatoka kazini."

Mama yake aliuguza wazee katika nyumba ya wazee. Hiyo ndiyo habari pekee tuliyopewa. Sheldon akamlipa kwa simu, tukapakia, na Hudhaifa akashusha mlango wa gereji kabla hatujawasha gari.

Barabarani gari lilijaa harufu ya udi. Chini ya udi kulikuwa na harufu nyingine... ya buchani, mchana, nyama ikishakaa sana. Nilifungua dirisha ingawa baridi ilikuwa kali. Sheldon hakunusa kitu, au alijifanya.

Nyumbani hakungoja hata kuvua koti. Aliunganisha nyaya kwenye kompyuta, akachagua wimbo, akapandisha sauti mpaka glasi za jikoni zikaanza kutetemeka.

"Skiza hiyo bass, bro," alisema. "Hapa tumeokota."

Kweli ilikuwa besi. Niliihisi kwenye meno.

Halafu nikasikia kitu kingine chini ya wimbo.

Du. Du-du. Du.

"Hiyo ngoma ni ya huu wimbo?"

"Zii, si yake," Sheldon akajibu. Akausimamisha wimbo kwenye kompyuta. Mwimbaji akanyamaza.

Ngoma haikunyamaza.

Du. Du-du. Du.

Sheldon alikuwa akitingisha mabega. Nilidhani ananitania, kwa hiyo nikacheka, na yeye hakucheka. Macho yake yalikuwa yamefumbwa. Ngoma ikazidi, ukuta ukatikisika, na jirani wa chini akaanza kugonga dari yake kwa fimbo ya ufagio. Alishatushtaki kwa mwenye nyumba. Safari hii angeita polisi, na sisi hapa kwa visa ya wanafunzi hatutaki polisi mlangoni kwa jambo lolote. Basi nikafanya ambalo kila mpangaji Mkenya wa Texas angefanya. Niliinama, nikachomoa waya ukutani.

Ngoma ikakatika.

Mabega ya Sheldon yakasimama.

Aligeuza shingo kunitazama, polepole, kisha akauleta mkono wake mdomoni, akauma. Aliuma kama mtu anayekula mahindi ya kuchoma. Nilisikia ngozi ikiachia. Nilipomrukia alinisukuma kwa kifua tu, nikaangukia meza na ubavu wangu ukalia. Alishika ukingo wa dawati kwa mikono miwili, akajigonga uso. Akajigonga tena. Jino likadondoka juu ya kibodi.

"Sheldon. Sheldon, tafadhali."

Akachukua waya wa spika. Akauzungusha shingoni, ncha moja kila mkono, akavuta.

Nilimpanda mgongoni, nikaingiza vidole kati ya waya na koo lake. Waya ukanikata mpaka mfupani. Sikuuachia. Mama yake na mama yangu ni dada, na ni mimi niliyeahidi kumwangalia huku. Uso wake ulikuwa unageuka rangi ya udongo, na damu yangu na yake zilikuwa zinachuruzika pamoja shatini. Nilikuwa nalia wazi, sioni aibu kusema.

Simu yake ikaita sakafuni. Niliibonyeza kwa kisigino, nikaweka sauti ya nje kwa kidole cha mguu. Sijui niliwezaje.

"Mwanangu," ilikuwa sauti ya mwanamke, inahema. "Mimi Bimdogo, mamake Hudhaifa. Hizo spika msiziwashe."

"Tumeziwasha, mama."

"Basi msizizime mpaka ngoma iishe yenyewe."

Bimdogo alisikia mkoromo wa Sheldon, akaelewa.

"Nani kaikata?"

"Mimi. Niirudishe? Mama, anajinyonga..."

"Iliyokatwa haiunganishwi. Nisogeze sikioni mwake."

Niliisukuma simu kwa goti, nikauangusha uso wa Sheldon juu yake. Bimdogo alinong'ona. Hakuwa na hasira. Aliongea vile mtu anavyombembeleza mgonjwa anywe uji.

"Huyo mtoto hana kosa. Mwenzake hana kosa. Aliyekukata ni mimi."

Sheldon akajibu. Mdomo ulikuwa wake. Sauti ilikuwa nzito, taratibu, ya Kiswahili cha kizamani ambacho binamu yangu, mzaliwa wa Nyamira, kule bara, hakijui.

"Waniongopea, Bimdogo?"

"Nimekuongopea lini mie? Kiti chako kiko huku. Njoo."

Waya ukalegea. Sheldon akaanguka kifudifudi, akavuta pumzi ndefu yenye mapovu ya damu. Nilimkumbatia nikidhani yamekwisha.

Kwenye simu kiti kilianguka. Halafu nikasikia vishindo, kama mtu anayetwanga kisamvu, vikifuatana bila haraka. Katikati yake Hudhaifa alikuwa anaomba, "Mama, basi. Mama, utajiua." Vishindo havikusikia. Viliendelea mpaka vikawa vya majimaji, na mimi nilikaa pale sakafuni nikishukuru kwamba si kwetu. Kisha simu ikakatika.

Hospitalini madaktari walisema kifafa, wakamshona Sheldon mkono na mdomo, nami vidole. Koo lake lilikuwa limevimba, akabaki wa kunong'ona tu. Niliwakubalia hicho kifafa. Ningewaambia nini kingine?

Hudhaifa alikuja baada ya mazishi ya mamake, jioni, kuzichukua spika. Nilimfungulia mlango, nikampa pole. Alikuwa na bendeji mkononi, palepale Sheldon alipojiuma.

Akaniambia mamake alikuwa na pepo tangu usichana. Unguja alipigiwa ngoma na watu usiku kucha, akatulia mwaka mzima. Huku majirani hawakubali, basi nyumbani kwao wakamrekodia ngoma hiyo, wakawa wanampigia kwa spika, madirisha yamezibwa kwa magodoro, shuka jekundu juu, damu ya mbuzi chini. Pepo akaizoea wufa. Hudhaifa alichoka, akauza. Alifikiri pepo ataondoka nayo.

"Mama alimchukua ili awaokoe," alisema. "Na alipokufa, yule pepo hakukosa kiti, yaani mwili wa kukalia. Pepo hurithiwa na mtoto."

"Kwa hiyo yuko..."

Alitikisa kichwa kukubali. Midomo yake ilikuwa imekauka.

"Sasa anajua mama alimwongopea. Kila saa ananiuliza jina la aliyekata ngoma. Nimemwambia silijui, na ni kweli, maana tangazo lilijibiwa na mwenzako, nami wewe sikukuuliza. Usiniambie. Nipe spika niende."

Niligeuka kuzifuata. Chumbani, Sheldon aliyekuwa hawezi kunong'ona maneno mawili bila kukohoa, akaita kwa sauti kubwa, safi, iliyofika mpaka ngazini.

"Mogaka!"

Jina langu.

Hudhaifa alifumba macho.

"Samahani, kaka," alisema. "Ameshasikia."

Nilijaribu kufunga mlango, lakini mguu wake ulikuwa umeshaingia.