Taa za Nyumba Iliyohamwa

Taa za Krismasi alizoleta Odeke zilikuwa kumi na mbili, na ya mwisho ilikuwa imeungua. Hilo halikumshangaza mkewe, Aguti. Kilichomshangaza ni kwamba zile kumi na moja ziliwaka. Odeke alikuwa fundi umeme hapo Tororo, na ni yeye mwenyewe aliyemweleza, kwa majigambo yake ya kawaida, kuwa taa za namna ile zimeungana mkufu mmoja, ikifa moja zote zinazima. Aliichomoa ile balbu nyeusi, pakabaki tundu tupu. Nyingine hazikupepesa hata kidogo. Akacheka, akasema Wazungu wana maajabu yao.

Ilikuwa Desemba ya 1964. Alikuwa ametumwa kukata umeme katika nyumba moja mlimani, ambayo wenyewe walikuwa wamerudi kwao Ulaya wakabeba kila kitu hadi mapazia, ila zile taa zilizokuwa zikining'inia sebuleni. Aziache zioze? Mwanawe alikuwa na majuma matatu, naye alitaka Krismasi ya kwanza ya mtoto ing'are mpaka majirani wageuze shingo.

Jirani Muniru, mwenye lori la mizigo ya Busia, hakukubali hata kuingia ndani. Alisimama kizingitini.

"Hiyo kitu ulitoa nyumba ya watu?"

"Waliacha," Odeke akamjibu.

"Walibeba pazia, wakaacha taa? Sikia, ndugu yangu. Mtu akikaa na jini, siku anahama anaachia hiyo jini kitu moja ile inapenda, ndio isifuate yeye. Hawa hawakusahau. Rudisha."

Odeke akamtania kwamba jini la mlimani haliwezi kushuka kota za wafanyakazi kula maharagwe.

Aguti hakucheka. Alikwisha kuzika watoto wawili, na huyu wa tatu hakuwa na jina bado. Kwa kabila lao la Iteso wazazi hawachagui jina. Bibi huchovya kidole katika ajono, pombe ya ulezi, akakitia kinywani mwa mtoto huku akitaja marehemu wa ukoo mmoja baada ya mwingine. Jina ambalo likitajwa mtoto ananyonya, ndilo lake, na marehemu huyo ndiye mlinzi wake. Haliondolewi, wala kazi hiyo haifanywi mara mbili. Mama mkwe, mzee Asio, angefika kutoka Bulumbi siku ya Krismasi yenyewe. Mpaka hapo mtoto alikuwa kama nyumba isiyo na komeo, na Aguti alizihesabu siku roho ikiwa mkononi.

Kwanza ilikuja harufu ya maziwa yaliyoungua, siku ambayo jikoni hamkuwa na maziwa. Kesho yake, mchana kweupe, Aguti alikuwa amekaa anachambua maharagwe, mtoto amelala mgongoni mwake, aliposikia mtoto ananyonya. Akasikia midomo ikivuta, koo likimeza, kisha kile kituo kidogo cha kupumua ambacho kila mama anakijua, na sauti haikutoka mgongoni, ilitoka kule pembeni kwenye lile tundu tupu la taa, ikaendelea, polepole, kwa raha, mpaka akahisi matiti yake yanalegea na kukauka huku hakuna aliyeyagusa, na mtoto akaamka akilia kwa njaa, naye hakuwa na hata tone la kumpa.

Jioni alimnong'oneza mumewe yote. Odeke akainuka, akachomoa waya ukutani. Taa hazikuzima.

Ndipo majigambo yakamwisha. Asubuhi ya tarehe ishirini na nne alimwomba Muniru ampeleke kwa lori, wakapanda mlimani Muniru akisoma dua njia nzima, wakazitundika palepale zilipokuwa, na ile balbu nyeusi katika tundu lake. Jioni hiyo maziwa yalirudi. Mtoto alinyonya akashiba, na Aguti akalia kwa furaha. Aliamini wamepona.

Krismasi mzee Asio akafika na chungu chake, akakaa juu ya ngozi, akampakata mjukuu. Akachovya kidole, akakiweka mdomoni mwa mtoto, akavuta pumzi ataje jina la kwanza.

Mtoto akanyonya.

Alinyonya kwa nguvu, macho ameyakaza juu ya bega la bibi yake, mahali ambapo hapakuwa na mtu. Asio akakitoa kidole taratibu.

"Nani ametaja?" akauliza kwa sauti ya chini.

Akawatazama wote mmoja mmoja.

"Mimi sijasema kitu. Huyu mtoto ameshaitwa."

Aguti akapiga magoti, akamsihi ajaribu tena, ataje hata jina la babu mmoja tu. Mzee akatikisa kichwa. Aliyeshika kwanza ameshika, akasema. Akaimwaga ile pombe yote nje, akanawa mikono, akamrudisha mtoto kwa mama yake bila kumwangalia usoni, na jioni haikumkuta Tororo.

Mtoto hakufa. Alinenepa, akaota meno, akatambaa. Aguti alimwita kwa majina yote ya ukoo aliyoyajua, na hata siku moja hakugeuka. Lakini mara nyingine, akiwa amekaa peke yake sakafuni na nyumba iko kimya, aligeuza kichwa ghafla, akatabasamu, akaanza kutambaa kuelekea mlangoni kama mtoto aliyeitwa na mama yake.