Ukingo Mweupe wa Bango

Duka la fremu pale Biashara Street lilikuwa limefurika Ijumaa hiyo, watu wamekumbatia picha za harusi na vyeti, kila mmoja akijifanya ndiye wa kwanza. Akaingia mwanamume mrefu, shati la kitani la manjano, akauliza kwa upole, "Nani wa mwisho hapa?" Mama mmoja alipoinua mkono, akaketi zake. Watu walicheka hadi fundi Nyokabi akaacha kisu.

"Wewe umetoka wapi?"

"Havana. Huko ukishamjua wa mwisho, unaweza hata kwenda kunywa kahawa."

"Hapa ukienda kahawa, utahudumiwa mwaka ujao."

Ndivyo walivyojuana. Aliitwa Mwololo, daktari aliyesomea Kuba miaka miwili, na mkononi alikuwa na bango la sinema lililochapwa kwa mkono, farasi mwekundu juu ya paa. Aliacha namba yake. Nyokabi aliihifadhi kabla hata ya kupima mbao. Bango lilizidi fremu kwa vidole viwili. Ukingoni palikuwa na maandishi ya penseli yaliyofifia, na kwa fundi wa fremu, penseli ukingoni ni vipimo vya fundi mwenzake. Akakata. Vipande vikaenda na taka.

Mapenzi nayo hayakukawia. Jumapili moja alimwalika kwake, mtaa wa Jamhuri, Nyokabi akaenda na gauni lake la maua. Mwololo alipika wali na maharagwe meusi, akisimulia jinsi umeme ulivyokatika jengo zima likatoka nje na magitaa, na jinsi daktari na mfagizi walivyopanga foleni moja ya mkate. Kisha akaonyesha lile bango ukutani. Karatasi ni adimu kule, akasema, kwa hiyo majirani walimwandikia kwaheri ukingoni mwa bango. Mstari wa Mirta, aliyemlea kama mwanawe, aliambiwa asiusome mpaka siku atakayomkumbuka sana.

"Uko hapo chini ya mbao," alisema. "Nautunza."

Nyokabi akakumbuka vipande alivyotupa, akajiongezea maharagwe. Hakukiri siku hiyo, wala Jumapili iliyofuata, wala miezi mitatu mizima ya kuitwa mrembo.

Jumanne moja simu ikalia. "Mrembo, Mirta amefariki. Njoo unifungulie ile fremu."

Akasingizia kazi. Kesho yake hakupokea kabisa. Shiko, jirani yake wa Riruta asiyepitwa na habari ya mtu, alimwonya kwamba daktari atadhani kuna mwanamume mwingine, na kweli jioni ujumbe ukaingia: *Kama kuna mwingine, niambie tu.*

Afadhali angekuwepo. Jumamosi Nyokabi alienda Jamhuri na sweta la kazini, akasimama mlangoni.

"Hakuna mwingine. Ule ukingo niliukata. Nilidhani ni vipimo, nikatupa. Na nimekula kwako miezi mitatu nikijua."

Mwololo alipitisha kidole kwenye mbao ya fremu, chini ya farasi.

"Ungeniambia Jumapili ile," alisema, "ningempigia. Alikuwa hai. Ningemuuliza aliandika nini."

Hilo Nyokabi hakuwa amelifikiria. Kwa kukata alikuwa na kisingizio. Kwa kunyamaza hakuwa nacho. Akageuka aende.

"Usiende," Mwololo akasema bila kumwangalia. "Lakini usitake niseme ni sawa."

Nyokabi akaketi. Baadaye akawekewa chai mbele yake, sukari mbili, vile anavyopenda, na hiyo chai ndiyo iliyomliza.