Unywele Kwenye Kasha la Kamera

Jumamosi adhuhuri, jengo la maduka ya vifaa vya umeme lilijaa watu hadi ngazini. Spika tatu zilishindana kupiga muziki, na dada mmoja mwenye shati la buluu la kazi, rasta zake amezifunga kwa utepe wa njano, alisukumwa na umati mpaka akajikuta ameegemea kaunta ya fundi kamera.

"Karibu," fundi alisema bila kuinua macho. Alikuwa akisafisha lenzi. "Kuegemea ruksa, ila usiikalie."

"Nataka kamera ya kuingia nayo majini. Na bei isinizamishe."

Fundi akainua macho. Lenzi akaisahau.

"Majini kuogelea, au majini kabisa?"

"Kabisa. Mimi ni mzamiaji."

"Wa meli au wa harusi?"

Utani huo alishauchoka, lakini ulipotoka kwa mtu huyu mrefu, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja, ulimchekesha. "Wa mtungi wa hewa mgongoni. Nafundisha wanaoanza."

"Unashuka mita ngapi?"

"Kumi na nane. Mara mojamoja, thelathini."

"Basi hizi mpya zinazong'aa zisahau. Ni za mita kumi tu, ukizidisha zinakunywa maji." Akatoa kamera ndogo iliyochubuka pembeni, pamoja na kasha lake la plastiki angavu. "Hii ni mtumba, lakini kasha linavumilia mita arobaini, na bei haifiki nusu ya zile. Kitakachobaki nunua tochi, maana huko chini rangi nyekundu yote inapotea."

"Umejuaje? Umewahi kuzamia?"

"Mimi? Hata bafuni naingia kwa tahadhari."

Akamwonyesha mpira mwembamba uliozunguka mdomo wa kasha: aufute kila mara, aupake mafuta yake, na mara ya kwanza ashuke na kasha tupu lenye karatasi laini ndani, aone kama italowa.

"Picha zenyewe za nini?"

"Za kumwonyesha mama yangu," alisema, na sauti ikashuka. "Ni fundi cherehani, hajawahi kuona ninapofanyia kazi. Nikiaga asubuhi, analia. Sasa ameniombea kazi ya ofisini kwa binamu yake. Nisipompa kitu cha kumtuliza moyo nitaichukua, maana siwezi kuendelea kumliza."

Wakapeana namba, ampigie akishalijaribu kasha. Jioni hiyo simu ya fundi iliita.

"Karatasi imetoka kavu," sauti ilisema.

"Hongera, Nguva."

"Nani Nguva?"

"Nimekuhifadhi hivyo kwenye simu. Jina lako nilisahau kukuuliza, nilikuwa nakuangalia."

Kwa wiki tatu walipigiana kila siku. Mzamiaji alimweleza samaki wanavyolala; fundi alimweleza wateja wanaoleta kamera wakidai ni mbovu, kumbe hazina betri. Kufikia wiki ya nne, "Fundi" ilishageuka "Fundi wangu", na hakuna aliyejifanya hajasikia.

Kisha Jumatano moja akaja dukani na mfuko wa plastiki, macho mekundu. Kasha lilijaa maji, na kamera ilikuwa imezima.

"Mama nimemwahidi picha Jumapili," alisema. "Uliniambia kasha ni zima."

Fundi alilifungua polepole. Hapo hapo akaliona tatizo: unywele mmoja wa rasta umelala juu ya mpira, mwembamba kama uzi. Ndipo maji yalipopitia. Akamtazama usoni, akaona amekaribia kulia. Akaufunika unywele kwa kidole gumba.

"Mpira ulikuwa na kasoro. Kosa langu, nisamehe." Akafungua kabati akatoa kamera yake mwenyewe, ya aina ileile, na mpira mpya. "Chukua hii mpaka nitengeneze yako."

Mzamiaji aliondoka moyo mwepesi. Ijumaa alirudi kumshukuru, amevaa gauni la kijani na amejipulizia manukato, lakini fundi alikuwa ametoka. Kwenye kaunta alimkuta dada wa fundi, aliyekuwa akiuza vifuniko vya simu pale pale.

"Kaka yangu amekupenda, wifi," dada alisema akicheka. "Juzi aliniambia, unywele wako mwenyewe ndio ulioharibu, yeye akajitwisha lawama."

Fundi aliporudi alimkuta mzamiaji amesimama, kamera ya mkopo iko mezani.

"Uliuona unywele?"

"Niliuona."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa na huzuni. Sikutaka kukuongezea."

"Leo asubuhi nimefunga kasha vilevile nilivyofunga juzi, rasta zinaning'inia, kwa sababu wewe uliniambia sina kosa." Hakupaza sauti. "Kazi yangu, Fundi, nashuka na mwenzangu. Akiona mtungi wangu una hitilafu akanyamaza ili nisihuzunike, nakufa. Mtu wa kunificha makosa yangu simwezi."

Akaondoka. Jumapili alimwambia mama yake kwamba picha hakuna. Simu za fundi hakuzipokea, na barua ya kuomba ile kazi ya ofisini aliianza mara mbili.

Siku ya kumi na mbili, saa nne asubuhi, alikuwa kwenye bwawa la mafunzo akiita majina ya wanafunzi wapya. Wa mwisho mstarini alivaa kaptura kubwa ya shemeji yake, na mtungi mgongoni.

"Umefuata nini hapa?"

"Nimelipia somo," fundi alisema. "Na nina neno. Nilipoficha ule unywele, nilijidanganya kwamba nakuonea huruma. Ukweli ni kwamba nilitaka unione mimi mwema. Nilijifikiria mwenyewe."

Mzamiaji alimtazama juu mpaka chini. Wanafunzi wengine walijifanya wanakaza mikanda.

"Mtungi wako umeuvaa juu chini," alisema.

"Ahsante kwa kuniambia."

Akacheka, ingawa hakutaka. Akamgeuza, akamfunga upya mkanda mmoja mmoja, na mikono yake ilichelewa kidogo kwenye kila mkanda.

Miezi mitatu baadaye, Jumapili mchana, mzamiaji na fundi walikaa kwenye kochi mbele ya televisheni, mama katikati yao, sindano bado zimechomekwa kifuani mwa blauzi yake. Picha zilipita: matumbawe, kundi la samaki wa manjano, kisha binti yake akielea katikati ya mwanga, mikono imekunjwa, ametulia kama mtu aliye nyumbani kwake.

Mama aliomba irudishwe. "Nani alikuwa naye hapo?"

"Mimi, mama," fundi alisema. "Niliogopa sana. Nyingine kumi na tisa nilizompiga zimetoka ukungu."

Mama akafuta macho kwa kanga. "Angalau husemi uongo. Hiyo kazi ya ofisi nitamwambia binamu ampe mwingine."

"Basi mama, nina jambo jingine. Nataka kumuoa."

Mzamiaji akamgeukia.

"Hukuniambia."

"Ndio nakwambia sasa, mbele ya mama, nisije nikakimbia."

Mzamiaji akatazama mikono yake. "Kwenye maji sijawahi kuogopa," alisema. "Sasa hivi naogopa."

"Unaogopa nini?"

"Kukuzoea, halafu nikukose."

"Mimi pia," fundi alisema.

Mama akanyanyuka taratibu, akaacha nafasi wazi kati yao.

"Ndiyo," mzamiaji alisema, akasogea.