Dawa Iliyotoka Kwenye Maji Machafu

Seremala na mkewe walijua dawa moja tu ya kidonda. Patasi ikikukata, unapasua kidonge cha rangi mbili, unanyunyiza unga wake juu ya kidonda, unameza viwili, kesho unarudi kwenye randa. Maumivu yakiisha, dawa nayo basi! Ndivyo walivyofanya miaka yote, na patasi ilipomkata mume mkononi tena, mke ndiye aliyenyunyiza.

Lakini safari hii mkono ulivimba hadi kwenye kiwiko. Seremala akalazwa, homa kali, anaweweseka, vidole vinapima mbao ambazo hazipo.

"Bakteria wameingia kwenye damu," daktari alisema. "Tumempa dawa kali, hazifui dafu. Mmezoea kumeza dozi nusunusu?"

Mke akainama. "Tulidhani tunajitibu, daktari."

"Dozi nusu huua bakteria dhaifu. Wenye nguvu hubaki, wakazaana, mpaka dawa haiwawezi tena. Lakini kuna njia moja. Wapo virusi wanaoshambulia bakteria tu. Wanaitwa fagi. Hawashambulii mwili wa mtu. Kila fagi ana bakteria wake, na maabara imempata anayewaua hawa wa mumeo."

"Wamempata wapi?" akauliza mdogo wake seremala.

"Kwenye maji machafu. Bakteria wakijaa mahali, na wawindaji wao hujaa hapohapo."

"Ebo! Maji ya choo kwenye damu ya kaka yangu? Shemeji, usikubali! Tunaondoka naye sasa hivi."

Mke akamgeukia daktari. Akikubali na mumewe akafa, ataambiwa amemuua. Akikataa je?

"Niambie ukweli, daktari. Atapona?"

"Siwezi kukuahidi. Tiba hii bado inachunguzwa, na hospitali chache tu zinaitoa. Fagi wamesafishwa, uchafu wote umetolewa. Tutampa fagi hao pamoja na dawa nyingine. Njoo uone."

Akamwonyesha kisahani cha maabara. Bakteria walikuwa wametanda kama utando wa maziwa. Katikati palikuwa na matundu safi.

"Hapo tulidondosha fagi. Bakteria wamekufa."

Mke akayatazama matundu yale. Halafu akasema, "Mpeni."

Shemeji yake akatoka, akaubamiza mlango.

Dawa ikaingia kwenye mshipa, tone kwa tone. Homa ikapanda tena. Seremala akatetemeka hadi kitanda kikalia. "Mungu wangu, nimefanya nini?" mke akalia. Daktari hakubanduka. Kesho yake hali ikawa ileile. Keshokutwa homa ikaanza kushuka, na damu ilipopimwa, bakteria walikuwa wamepungua sana.

Siku za mwisho wodini, daktari alianza kumweleza mke kuhusu dozi. Mke akamkatiza. "Atazimaliza zote, hata akijiona mzima. Na vidonge vya kujinyunyizia, mwisho wetu leo."

Mdogo mtu alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, machozi yanamtoka.

"Kaka, mimi nilitaka tukutoe hapa. Ningekuzika."

Seremala akamtazama. Sauti ilikuwa bado nyembamba.

"Sasa unalia nini? Si nipo?"