Zamu ya Rafiki wa Stoo

Kipande cha tambi kilichowekwa mbele ya mlango wa stoo kilikuwa kirefu saa nane mchana. Dakika kumi baadaye kilikuwa kifupi, na ncha yake imelowa.

Gwenda Tarnowski alikiona alipopita na kikapu cha nguo. Alidhani mtoto mmoja amekitafuna. Akakiacha palepale, kwa sababu wavulana walikuwa wakimwita waanze mchezo.

Ilikuwa Ijumaa ya mwezi Novemba, siku ya tisa ya mvua mfululizo, Vancouver Kaskazini. Shule zilikuwa zimefungwa kwa siku moja ili walimu wapate mafunzo yao. Katika jengo lile la ghorofa nne, ambalo ni mali ya ushirika wa wakazi wenyewe, siku kama hizo zina ratiba, na ratiba imebandikwa juu ya mashine za kufulia. Kaya moja hukaa na watoto, wazazi wengine huenda kazini. Safari hii zamu ilikuwa ya Gwenda, ambaye hufanyia kazi nyumbani, akichapa ripoti za madaktari. Alikuwa na binti yake Tilda, wa miaka saba; Callum wa ghorofa ya kwanza, wa miaka minane, ambaye baba yake ni nesi; na Arash wa mlango wa mkabala, wa miaka tisa, anayelelewa na bibi yake wazazi wakiwa kazini.

Kufikia mchana walikuwa wamemaliza kila kitu. Keki ndogo za ndizi zilikuwa zimeokwa na kuliwa. Hema la mablanketi lilikuwa limejengwa sebuleni na kuanguka mara mbili. Callum alitangaza kwamba akilazimishwa kuchora dinosaria mwingine atatapika. Ndipo Arash akapendekeza dagaa.

Watoto wa huko wanaujua mchezo huo tangu chekechea. Mmoja anajificha, wengine wote wanamtafuta, kila mtu peke yake. Ukimpata husemi neno. Unaingia alipo, mnabanana kama dagaa wa kopo, na mwingine akiwapata naye anaingia, hadi anabaki mtafutaji mmoja anazunguka nyumba tupu. Huyo wa mwisho ndiye anayejificha raundi inayofuata.

Gwenda alikata tambi kavu, tatu ndefu na moja fupi, ili wapige kura. Naye angecheza. Tilda akamwambia hazitoshi. Rafiki naye alitaka kucheza.

Rafiki huyo alikuwa na wiki sita tangu aanze kutajwa. Alikaa stoo, kando ya jiko, nyuma ya tangi la maji ya moto, na hakuna aliyemwona isipokuwa Tilda. Gwenda hakuwa na wasiwasi. Watoto wengi wa mtaa ule wana marafiki wa kufikirika, na kijitabu alichopewa kliniki kilishauri mzazi asibishane na mtoto, bali ashiriki. Kwa hiyo tangu Oktoba alikuwa akimwekea rafiki sahani na kikombe mezani, na kabla ya kulala alikuwa akigonga mlango wa stoo na kumtakia usiku mwema. Alikata tambi ya tano, ndefu, akainama, akaiweka mbele ya mlango.

"Haya, na wewe umo," alisema.

Watoto walicheka. Arash hakucheka. Alisema bibi yake angesikia hayo asingemruhusu kuja tena.

Tilda ndiye aliyechota fupi. Gwenda alipokwisha kupeleka kikapu cha nguo chumbani, Tilda alikimbia kujificha. Gwenda na wavulana wawili waligeukia dirisha la sebuleni wakahesabu hadi hamsini, wakiangalia maji yakiteremka kwenye kioo. Kisha wakatawanyika.

Arash alielekea jikoni. Gwenda alisikia soksi zake zikiteleza kwenye sakafu ya mbao, kisha hakuzisikia tena. Dakika tatu baadaye nyayo za Callum zilipita koridoni, zikasimama karibu na jiko, zikanyamaza. Gwenda alitabasamu. Alijua watoto wako huko, akaamua kuwapa raha yao kwanza kwa kuanzia mbali. Alitazama chini ya vitanda. Alitazama bafuni. Mahali fulani njiani alisikia harufu ya udongo uliofunikwa muda mrefu, kama unapoinua chungu cha maua kilichokaa mwaka mzima, na akajisemea kwamba mvua imeingia ukutani tena na lazima aiandikie kamati ya matengenezo.

Alifungua kabati la chumbani, akasogeza makoti ya mume wake. Tilda alikuwa amekaa chini, magoti kifuani, amenuna.

"Mmechelewa sana, mama. Hakuna hata mmoja aliyekuja."

Gwenda alimuuliza binti yake, Callum yuko wapi.

"Sijui. Nimekaa peke yangu mpaka mguu umekufa ganzi."

"Na Arash?"

"Mama, nimesema hakuna mtu."

Gwenda alimtoa kabatini, akamshika mkono, akasimama koridoni, akatangaza kwa sauti ya kawaida kwamba mchezo umekwisha na kuna chokoleti ya moto. Hakuna aliyejibu. Alitangaza tena. Mara ya tatu sauti yake ilikuwa imepanda. Alikwenda mlango wa mbele. Mnyororo ulikuwa umefungwa kwa ndani, juu sana kwa mtoto kuufikia. Madirisha yalikuwa yamefungwa. Nyumba ile ina vyumba viwili, sebule, jiko, bafu na stoo, na alikuwa amekwisha kuangalia vyote isipokuwa kimoja.

Alifungua stoo na kuwasha taa. Palikuwa na ufagio, mashine ya kufyonza vumbi, boksi la mapambo ya Krismasi, na tangi, ambalo limesimama umbali wa kiganja kimoja kutoka ukutani, nafasi ambayo hata paka wa jirani angepita kwa shida. Hapakuwa na mtoto. Lakini kutoka nyuma ya tangi, kwenye kile kiganja kimoja cha giza, alisikia sauti anayoijua kila mzazi, ya watoto wanaojizuia kucheka kwa mikono midomoni, wa kwanza akipumulia puani, wa pili akikoroma kidogo kwa kujibana, na juu yao, taratibu, pumzi ya wa tatu ambaye hakuwa akicheka.

Alifunga mlango. Alimbeba Tilda, ambaye hakuwa amebebwa tangu afikishe miaka mitano, akavuka korido ya jengo kwenda kwa Mahin Sohrabi.

Mahin, bibi yake Arash, ana miaka sabini na moja na alikuwa daktari wa meno katika mji wa kwao, Shiraz, kwa miaka thelathini. Hapendi kuulizwa habari za majini. Alisikiliza akiwa amesimama, katika kandambili za nyumbani, na hakumkatiza Gwenda hadi alipofika kwenye sahani.

"Umemwekea sahani?"

"Kijitabu kilisema nishiriki."

"Kijitabu kilisema." Mahin alichukua kikaango kidogo na kopo la mbegu za kufukizia. "Mama yangu hakumwaga hata maji ya moto kwenye sinki bila kuwaomba wapishe. Wewe umempa kikombe, mwanangu."

Gwenda alitaka kupiga simu polisi. Mahin alimwambia apige, kisha akamuuliza atawaambia nini. Gwenda aliweka simu chini.

Mbele ya stoo Mahin alichoma mbegu hadi zikapasuka na moshi ukajaa koridoni. Aliita jina la mjukuu wake mara moja tu. Vicheko vya nyuma ya mlango vilikoma, na hilo lilimtisha Gwenda kuliko vicheko vyenyewe. Kwa sauti ya chini Mahin alimweleza alivyoelewa mambo. Huyo aliyemo alipewa tambi, akaifanya fupi ili naye ajifiche. Wavulana walimpata kihalali, wakaingia kihalali. Hawatatoka hadi mtafutaji wa mwisho awapate. Yeye Mahin hakuchota tambi, na Tilda alikuwa wa kujificha. Aliyebaki ni mmoja.

"Nikiwapata, zamu inayofuata ya kujificha ni yangu," Gwenda alinong'ona. "Na yeye ndiye atakayenitafuta."

"Ndiyo."

"Sasa nifanye nini?"

Mahin alikitikisa kikaango. "Kwetu mtafutaji hatoki kabla ya kuuliza. Anauliza, nije? Ukisema bado, anasubiri amefumba macho. Sisi watoto tulikuwa tunafuata hiyo sheria. Wao sijui. Mimi sijawahi kuwa jini."

Gwenda alimwachia Mahin mkono wa Tilda, akaingia stoo, na kwa kuwa ndivyo mchezo unavyochezwa, alizima taa na kuvuta mlango nyuma yake. Harufu ya udongo ilikuwa nzito hadi ilionjeka. Alinyoosha mkono upande wa tangi, akitegemea kugusa ukuta, na mkono haukugusa kitu, ukaendelea hadi kwenye kiwiko, hadi begani, na nyuma ya mkono ukafuata mwili wake wote, ubavu kwa ubavu, katika mahali palipokuwa pembamba na bado hapakuwa na mwisho, ambapo mvua ilisikika karibu zaidi kuliko ndani ya nyumba yoyote. Aligusa soksi ya Callum na mguu wa Callum ndani yake, una joto. Aligusa zipu ya sweta ya Arash, na mtoto akashika kidole chake akakibana. Alisogea zaidi, kwa sababu aliyejificha ndiye anayepaswa kupatikana, akagusa nywele zilizolowa zilizokuwa usawa wa kiuno chake, na alipotaka kuondoa mkono nywele zilipanda nao, hadi usawa wa kifua, hadi usawa wa uso, hadi ikabidi anyooshe mkono juu kama mtu anayetafuta swichi ya taa, na kule juu, chini ya dari, kitu kikainama, kikaweka shavu la baridi juu ya utosi wake, kikasema kwa sauti ya Tilda, "Umetupata. Wewe ndiye wa mwisho."

Mlango ulifunguka na wote watatu waliangukia koridoni.

Wavulana walisema wamekaa dakika moja tu. Walitaka chokoleti. Kucha zao za mikono na miguu zilikuwa zimekua na kupinda, kama za mtu ambaye hajakata kwa miezi. Mahin aliwakalisha juu ya gazeti na kuzikata zote kabla wazazi hawajarudi, na hakuruhusu yeyote azishike. Alikuwa bado anakata aliposikia, kama walivyosikia wote, sauti ya mtoto nyuma ya mlango wa stoo ikihesabu. Ilihesabu vizuri, bila haraka. Ilifika hamsini.

"Nije?"

"Bado," Gwenda alisema.

Ilinyamaza.

Mume wake, Graham, ni fundi wa feri. Alirudi jioni akasikiliza hadithi yote, na kesho yake mvua ilipokolea akaisikia sauti mwenyewe. Alipigilia ubao mlangoni kwa misumari kumi na sita. Walizungumza kuhama, lakini orodha ya kusubiri nyumba katika ushirika mwingine ilikuwa ya miaka sita, na kodi ya nje ilikuwa mara mbili ya wanayolipa. Walibaki. Kila Alhamisi Mahin alikuja na kikaango chake. Moshi ulikuwa ukiipunguza sauti hadi inasikika kama inatoka kwa jirani, lakini haukuwahi kuifukuza. Siku za ukavu hapakuwa na kitu. Siku za mvua, giza linapoanza kuingia, swali lilikuja mara moja tu, na Gwenda alilijibu. Hakutoka tena alasiri za mvua. Aliacha kwenda kwa daktari wake, aliacha mikutano ya ushirika, na Krismasi hawakwenda kwa mama yake.

Tilda alikatazwa kulijibu. Alikatazwa kwa upole, kisha kwa ukali, na kila mara alikubali. Mwezi Januari alimuuliza mama yake kama rafiki amefumba macho muda wote huo. Gwenda alisema ndiyo. Tilda alisema yeye alikaa kabatini kidogo tu, na alikaribia kulia.

Jumanne moja ya Februari mvua ilinyesha tangu alfajiri. Saa kumi na moja jioni Gwenda alikuwa jikoni akimenya viazi, bomba limefunguliwa. Tilda alikuwa sebuleni, kifudifudi zuliani, akipaka rangi.

"Nije?"

Gwenda alifunga bomba ili sauti yake isikike vizuri. Ilikuwa ni sekunde mbili, si zaidi.

"Njoo," alisema Tilda kutoka sebuleni, kwa ile sauti ya kumwita mtu mezani.

Gwenda alisema bado. Alisema tena, kwa nguvu, akiwa ameshika kisu cha viazi, amesimama kati ya stoo na mlango wa sebule. Mbele yake msumari wa kwanza ulikuwa umeanza kuzunguka kwenye ubao, polepole, ukitoka.